Tulivyokombwa na Friji Las Vegas

Safari yetu ya Las Vegas ilikuwa na kamati. Najua kamati ni ya harusi na misiba, lakini waweke Waswahili watano mahali popote, hata kama wanakwenda kununua mkate, na kabla gari halijawashwa atapatikana mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Sisi tunaishi Phoenix, Arizona. Mwaka 2024 sikukuu ya Julai 4 iliangukia Alhamisi, tukaomba ruhusa ya Ijumaa, kundi la WhatsApp likafunguliwa, mchango ukatangazwa. Uweka hazina akapewa dada mmoja mzaliwa wa Moshi, na kuhusu Moshi na hela sitaongeza neno.

Tulimwita Mama Hazina. Mumewe ni Shemeji, mtu ambaye haongei mpaka aulizwe mara mbili. Wa tatu ni Mombasa, jina lake ndilo kwao, swala tano, maneno elfu tano. Wa nne ni Papaa wa Lubumbashi, aliyekuja na suti mbili kwa safari ya siku mbili jangwani. Mimi nilikuwa katibu. Kazi ya katibu ilikuwa kuweka dole gumba chini ya kila ujumbe wa Mama Hazina.

Na ujumbe wake ulikuwa mmoja tu, ila aliutuma kwa namna nyingi: Las Vegas haitatula hela. Kila mtu angepewa dola 20 za kuchezea, zikiisha anarudi chumbani kulala. Chakula tungebeba wenyewe. Alipika pilau la nyama sufuria nzima, akasukuma chapati 40, akakaanga sambusa, vyote vikaingia kwenye deli la barafu lililokaa kiti cha nyuma katikati yangu na Papaa kama bibi harusi. Matumizi yote yangeandikwa kwenye kauntabuku, ile yenye jalada gumu jeusi. Sijui aliipata wapi Marekani. Sikuuliza.

Kutoka Phoenix ni kama saa tano kwa gari. Unapita Kingman, unavuka daraja refu karibu na bwawa la Hoover, na hapo umeshaingia Nevada. Tulisimama kujaza mafuta. Papaa akaingia dukani kulipa, akakaa. Akakaa. Mama Hazina akateremka kumfuata, akamkuta mbele ya madubwi, zile mashine za kamari, maana Nevada madubwi wameyaweka mpaka kwenye vituo vya mafuta, karibu na friji za soda.

"Papaa!"

"Niliangalia tu, Mama. Niliangalia."

"Umeangalia dola ngapi?"

Aliangalia dola tatu. Zikaandikwa, zikakatwa kwenye ishirini zake.

Tulipoanza kuyaona yale majengo nikajitia mjuaji. Nikawaambia kwamba sehemu kubwa ya ile barabara ya makasino, Strip, kisheria haimo ndani ya jiji la Las Vegas. Imo kwenye mji mwingine chini ya kaunti ya Clark, na mji huo unaitwa Paradise.

Mombasa akageuka. "Yaani Peponi?"

"Peponi."

"Yallah! Nimefika Peponi na kaptula."

Hoteli sitaitaja. Tulichukua vyumba viwili kwa bei ambayo Mama Hazina alikuwa ameiwinda mtandaoni mwezi mzima, na pale mapokezi tukapewa kofi la kwanza: ada ya hoteli, dola 45 kwa kila chumba kwa kila usiku, juu ya bei tuliyoiona. Mama Hazina akauliza ada hiyo ni ya nini. Akaambiwa ni ya bwawa la kuogelea, intaneti na ukumbi wa mazoezi. Akasema sisi hatuogelei. Akaambiwa ada iko palepale. Akasema basi tutaogelea. Na kweli jioni ile alitushusha wote watano bwawani, pamoja na Shemeji ambaye maji yakimfika kiunoni anaanza kutubu. Tukakaa humo saa nzima tukila ada yetu.

Sasa nije kwenye friji.

Chumba cha wanaume watatu kilikuwa na friji dogo chini ya runinga. Ndani vimepangwa vinywaji kama wanafunzi wa paredi, na juu yake kuna trei yenye chokoleti na kopo moja la karanga. Pembeni kuna karatasi ya bei. Soda dola 8. Maji dola 10. Vichupa vya pombe kali, vile vidogo kama vya dawa ya kikohozi, dola 18 kimoja. Karanga dola 18. Nilicheka mpaka nikakaa kitandani. Karanga! Kitu ninachokijua mimi kimefungwa kwenye karatasi ya daftari la mtoto, unauziwa dirishani mwa daladala!

"Hakuna atakayegusa," alisema Mama Hazina. "Lakini pilau litachacha. Toeni hivyo vitu vyao, vipangeni juu ya meza vizuri, tuweke chakula. Siku ya kuondoka tunavirudisha kama vilivyokuwa."

Tukaona ni hekima. Mtu kavihamisha tu, hakuvinywa. Tukaanza kutoa. Mombasa alisema yeye pombe haishiki kwa mkono wake, akavitoa vichupa kimoja kimoja kwa kuvifunika na taulo, kama mtu anayekamata panya. Mama Hazina, kwa kuwa hawaamini wanaume watatu na chokoleti, akafungua kauntabuku akaorodhesha: soda 6, bia 4, vichupa 10, maji 4, juisi 2, chokoleti 3, karanga kopo 1. Jumla vitu 30. Akapiga mstari kwa rula.

Maikrowevu hakuna. Tulitafuta mpaka chini ya kitanda. Ila kabatini kulikuwa na pasi, na Mama Hazina akaitazama ile pasi kwa muda. Akazifunga chapati kwenye foili mbilimbili, akazilaza juu ya ubao, akazipiga pasi. Zilitoka moto kabisa. Papaa alisema maisha yake yote hajapata kuona chapati yenye mstari wa suruali, akala sita.

Usiku tukashuka kasino. Kule chini hakuna saa ukutani wala dirisha, huwezi kujua kama nje kumekucha. Mama Hazina alichagua dubwi lililoandikwa senti moja. Akapiga hesabu: dola 20 ni senti 2,000, kwa hiyo atacheza mara 2,000, mpaka Jumapili. Kumbe hiyo senti moja ni ya mstari mmoja, na mashine haikubali kuzunguka bila kulipia mistari yote na nyongeza zake. Kila ukibonyeza inameza senti 88. Alibonyeza mara 22. Haikufika dakika tano. Akabaki amekaa anaitazama ile mashine kama mtu aliyedhulumiwa kiwanja.

Papaa akavaa suti ya pili, akaenda kwenye gurudumu la ruleti. Kabla hajaweka hela alinieleza kitaalamu kwamba kuna nyekundu na nyeusi, nusu kwa nusu, kama sarafu. Akaweka zote 17 kwenye nyeusi. Gurudumu la Marekani lina vyumba 38: nyekundu 18, nyeusi 18, na viwili vya kijani, sifuri na sifuri mbili. Kipira kikazunguka, kikarukaruka, kikajilaza kwenye kijani.

"Hii rangi imetoka wapi?" aliuliza Papaa. Hakuna aliyemjibu.

Zangu ziliisha nikiwa sijaelewa mchezo wenyewe. Shemeji alipata faida ya dola 14, akasimama, akaenda kulala bila kumwambia mtu. Mombasa hakucheza. Alizunguka tu akituangalia na kusema "Subhanallah" kila tulipopigwa.

Jumamosi tulitembea. Hapo niwape onyo moja tu: hoteli za Las Vegas ni kubwa mno, ndiyo maana zinaonekana ziko karibu. Tulisema twende kwa miguu tukaone chemchemi za hoteli ya Bellagio, maana zinacheza bure na bure ndiyo lugha ya kamati. "Si hiyo hapo?" tukaambiana. Baada ya dakika 40 bado ilikuwa hiyo hapo. Sisi ni watu wa Phoenix, joto tunalijua kwa jina, lakini siku ile Papaa alivua koti. Maji yaliporuka juu kwa muziki hatukuona uzuri wake, tuliona maji.

Ndipo ukaja usiku wa Jumamosi, na hapa naomba mnisikilize kama mahakama inavyomsikiliza mtu aliyekiri mwenyewe. Saa nane za usiku njaa iliniamsha. Pilau lilikuwa limekwisha. Chapati zilikuwepo chache, lakini pasi ingewaamsha wenzangu. Mezani, kwenye giza, mkono wangu uligusa kopo. Nilijiambia nitakula tatu. Zilipoisha nililifunika vizuri na kifuniko chake cha plastiki, nikalirudisha mahali pake, upande wenye picha ukitazama mbele. Asubuhi nilikuwa wa kwanza kujitolea kurudisha vitu kwenye friji.

Jumapili mapokezi, Mama Hazina akapewa bili. Nikaona miwani yake ikishuka.

Dola 388, kabla ya kodi. Friji.

Yule kijana wa mapokezi alieleza kwa upole sana, kama mtu anayetoa taarifa ya msiba. Kila kitu kwenye lile friji na kwenye ile trei kimekaa juu ya kitambuzi. Ukikiinua kikakaa nje kwa muda mfupi, kompyuta inahesabu umekinunua. Kwa hiyo Ijumaa jioni, wakati sisi tunasifiana kwa hekima, kule chini kompyuta ilikuwa ikituona tunakunywa bia 4, soda 6 na vichupa 10 vya pombe kali ndani ya dakika tatu.

"Vichupa kumi?" Mombasa alisema, sauti imempanda. "Mimi? Miaka 41 sijaonja, halafu leo naandikiwa kumi, Peponi?"

Mama Hazina hakupiga kelele. Alifungua begi, akatoa kauntabuku, akaiweka juu ya kaunta kama wakili anayeweka hati ya kiwanja. Akaonyesha tarehe, orodha, jumla, mstari wa rula. Akasema tupandishwe juu na mtu wao tuhesabu kimoja kimoja. Wakatupa bwana mmoja mwenye tableti. Tukapanda lifti wote sita kimya, na mimi kwenye lifti ile nilisoma dua ambazo nilikuwa sijazisoma tangu mtihani wa darasa la saba.

"Soda?" Sita. "Bia?" Nne. Vichupa kumi, vyote vimefungwa. Mama Hazina akaweka alama ya vema mbele ya kila kimoja, uso umeanza kung'aa. Maji. Juisi. Chokoleti tatu. Yule bwana akaanza kutabasamu, akasema hili jambo tutalifuta. Kisha akaliinua kopo la karanga.

Mkono wake ulipaa. Hivyo ndivyo naweza kueleza. Alitegemea uzito, uzito haukuwepo, mkono ukaenda mpaka karibu na sikio. Akalitikisa. Kimya. Punje moja ikagonga bati: ti.

Walinitazama wote. Sijui kwa nini mimi. Kulikuwa na watu watatu mle chumbani, na Papaa ndiye mwenye rekodi ya chapati sita. Lakini nadhani uso wangu ulikuwa umeshakiri.

Dola 370 wakafuta. Karanga 18 zikabaki. Halafu yule bwana, akiwa ameinama, akaliona hotipoti la Mama Hazina kwenye kona ya friji, na foili yenye chapati, akabonyeza tableti yake kwa masikitiko. Kuweka vitu vyako binafsi kwenye friji la hoteli nako kuna ada: dola 50 kwa siku. Siku mbili, mia.

Nilipiga hesabu nikiwa nimebeba deli kuelekea maegeshoni. Kasino zima, na taa zake zote na mazulia yake, lilitupata dola 43 ukiondoa faida ya Shemeji, na hapo sihesabu tatu za Papaa za kituo cha mafuta. Friji la chini ya runinga lilitupata 118.

Nje palikuwa panawaka. Siku hiyo, Julai 7, uwanja wa ndege wa pale ulipima nyuzi 48.9, joto ambalo jiji lile halijawahi kuandikiwa tangu lianze kupimwa. Gari lilikuwa limeachwa juani, kwa sababu ghorofa yenye kivuli nayo ilikuwa na ada. Mama Hazina alifungua mlango, akagusa dashibodi, akautoa mkono haraka. Akaitazama ile dashibodi kama alivyoitazama pasi. Kisha akazitoa zile chapati zilizobaki, na foili yake, akazipanga chini ya kioo cha mbele, akafunga mlango, tukasimama kwenye kivuli cha nguzo tukisubiri.

Zilipata moto kuliko za pasi. Akagawa tukiwa tumeshaingia barabarani: Shemeji moja, Mombasa moja, Papaa moja, yeye moja. Mimi nusu. Akafungua kauntabuku gotini, akaandika, nikaona kwa pembe ya jicho: *Katibu, karanga, 18.*

Tulivuka daraja tukarudi Arizona bila mtu kusema neno. Mombasa ndiye alishindwa kuvumilia.

"Nikuulize, ndugu yangu. Angalau zilikuwa tamu?"

"Zilikuwa za asali," nikasema.

Hakuna aliyeongea tena mpaka Kingman.