Taa Isiyopigwa Picha

Jana alasiri nilikuwa bandarini huku Lamu nangojea boti ya Mokowe, simu ikalia. Ni dadangu, yuko New York, kanitumia ujumbe wa sauti. Alijirekodi ndani ya handaki, treni imesimama kati ya stesheni mbili kwa dakika thelathini na tano, na ujumbe ukatoka walipofika penye mtandao. Nyuma yake spika inarudia maneno yale yale, hitilafu ya taa za ishara, na mtoto wa watu analia. Yeye hakulalamika. Alisema kwa sauti ndogo tu: "Kaka, leo tena watanikata." Kazi yake ni kuhudumia wazee majumbani, na analipwa kwa saa.

Niliwasikilizisha wenzangu pale gatini. Mmoja akacheka: "Na utajiri wote ule, hata treni imewashinda?" Kicheko kile ndicho kilichonikalisha kuandika, maana haikuwashinda. Waliiahirisha, mwaka baada ya mwaka, na wanaolipia kuahirisha huko ni watu kama dadangu.

Treni za chini ya ardhi za New York zilianza kubeba watu mwaka 1904. Leo zina stesheni 472, na sehemu kubwa ya njia zake bado inaongozwa kwa mitambo ya ishara ya mtindo wa miaka ya 1930. Aliyezoea kupita Mkanda, ule mkondo mwembamba wa bahari kati ya Manda na bara, ataelewa upesi. Chukulia kuna amri kwamba chombo kimoja tu ndicho kiwe ndani ya Mkanda, na wewe uliye nyuma ungoje mlangoni mpaka kile cha mbele kitoke upande wa pili, hata kama kimeshakaribia kutoka na huoni hata mkia wake. Ndivyo ilivyo huko. Reli imegawanywa vipande vipande, na kila kipande kinapita umeme mdogo. Magurudumu yakiingia, umeme ule hupita kwenye ekseli, chuma kinachounganisha magurudumu, badala ya kufika kwenye rilei, yaani swichi inayoshikiliwa na umeme; rilei inaachia, na taa ya kando ya reli iliyo nyuma ya treni inawaka nyekundu. Dereva akiipita nyekundu, mkono wa chuma ulio kando ya reli unagonga breki na treni inasimama yenyewe. Waliobuni haya walikuwa na akili sana, kwa sababu hata waya ukikatika, taa huwa nyekundu. Kosa linaangukia upande wa salama.

Lakini mtambo huo haujui treni iko wapi hasa ndani ya kipande. Unajua tu kwamba kuna kitu. Na waya ukichakaa, au maji yakiingia, unaona treni pasipo na treni, na watu elfu moja wanakaa gizani kungojea njia ambayo ni tupu.

Dawa inajulikana. Treni inatangaza kwa redio mahali ilipo na kasi yake, kila wakati, na ya nyuma inakaa umbali unaohitajika kusimama, si zaidi. Zinapita nyingi kwa saa ile ile kwenye reli ile ile. Laini ya Victoria, ya treni za chini ya ardhi za London, kwa mitambo mipya ya aina nyingine, inapitisha hadi treni 36 kwa saa. Paris waliichukua laini yao ya kwanza, ya mwaka 1900, na kufikia mwisho wa 2012 treni zake zote zilikuwa zinakwenda bila dereva. Huko New York kwenyewe laini ya L imeshabadilishwa, na ya 7 pia, ambayo kazi yake ilianza 2010 ikamalizika 2018. Miaka minane kwa laini moja!

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba kazi ni ngumu. Treni zile hazilali, zinakwenda saa ishirini na nne, kwa hiyo fundi anapata usiku na mwisho wa wiki tu, na gharama ni mabilioni ya dola. Haya. Lakini ugumu hauelezi kwa nini walingoja. Juni 1995, juu ya daraja la Williamsburg, treni moja iliigonga nyingine kwa nyuma na dereva akafa. Uchunguzi ulionyesha kwamba nafasi kati ya taa zile ilipimwa mwaka 1918, kwa treni fupi na za mwendo wa pole. Breki ilikamata, lakini umbali wa kusimama haukuwepo. Baada ya hapo treni zikapunguzwa kasi. Na ilipofika 2017 hali ilikuwa mbaya hata gavana wa New York akatangaza dharura.

Sababu naijua, kwa kuwa niliiona hapa kwetu. Mwaka mmoja taa ya boya ilizimika, tukaambiwa itashughulikiwa. Mwaka huo huo gati lilipakwa rangi, wakaja wakubwa, ikakatwa utepe, picha zikapigwa. Usiku mmoja tukawa tunatoka Faza na mke wa jirani mwenye uchungu wa kuzaa. Ammi yangu, nahodha wa miaka arubaini, alisimama omoni, mbele ya chombo, na tochi, mkono wa pili akipima maji kwa upondo, akiita vina. Tukapanda fungu la mchanga. Tulikaa pale mpaka maji yalipoanza kujaa, yule mama ameuma ncha ya leso asipige kelele mbele ya wanaume. Alifika salama, alhamdulillahi. Taa ile ilikaa miezi mingine saba kabla ya kuguswa.

Hakuna anayepiga picha na rilei. Hakuna anayekata utepe wa waya mpya chini ya ardhi. Stesheni yenye vigae vinavyong'aa inaonekana siku ya kura, waya hauonekani, na kuubadilisha kunataka kiongozi asimame awaambie watu: mtapanda mabasi kila Jumamosi na Jumapili kwa miaka, mtanitukana, na atakayesifiwa ni mwingine.

Usiku nilimpigia dadangu. Walimkata saa nzima. Aliponiambia habari ya pesa, sauti yake haikubadilika. Ilibadilika alipofika kwa yule mzee: alimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, amevaa kiatu kimoja, cha pili amekishika mkononi, anautazama mlango.