Joy Ezeilo na mipaka ya sheria

Ripoti za Umoja wa Mataifa zimemwokoa nani? Swali hili humwandama Joy Ngozi Ezeilo, mwanasheria wa Nigeria aliyeanzisha shirika la WACOL mwaka 1997 kutetea wanawake, kisha akawa Mripoti Maalumu wa Umoja huo kuhusu usafirishaji haramu wa binadamu, 2008 hadi 2014.

Wanaouliza wana hoja. Mripoti hana polisi wala mahakama. Na sheria yenyewe anayoitegemea ina ufa: Itifaki ya Palermo ya 2000, mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya usafirishaji wa binadamu, katika Kifungu cha 5 inaziamuru nchi zimfanye msafirishaji mhalifu. Fungua cha 6, kinachomhusu mwathiriwa, uone lugha inavyolegea. Kuhusu makazi yake, nchi zinatakiwa "zifikirie" tu. Msichana ataitwa kutoa ushahidi, lakini usiku huo atalala wapi?

Halafu kuna Edo, jimbo la kusini mwa Nigeria. Kabla ya safari ya Ulaya, wasichana wengi walipelekwa kwa mganga, wakachukuliwa nywele na kucha, wakaapa kulipa deni na kutomtaja aliyewapeleka. Sheria ya kupambana na biashara hiyo ilikuwepo tangu 2003, pamoja na NAPTIP, chombo cha kuisimamia. Kiapo kiliwaziba midomo mashahidi hata hivyo. Machi 2018 Ewuare II, Oba (mfalme wa jadi) wa Benin, mji ulioko Edo, akavitangua viapo hivyo hadharani na kuwalaani wanaoviapisha. Wapo waliosema neno la mfalme limefanya kwa siku moja kilichowashinda mawakili miaka 15.

Nakubali nusu tu. Oba alifungua midomo. Hakumpeleka mtu jela. Msichana aliyeondokewa na hofu bado anahitaji mtu wa kuandika maelezo yake, wa kukaa naye mahakamani wakili wa upande wa pili anapomhoji kwa ukali, na chumba chenye kitasa upande wa ndani. Kwangu hapo ndipo ulipo uzito wa Ezeilo, kuliko hata cheo cha kimataifa: WACOL inatoa msaada wa kisheria bure na hifadhi, vyote pamoja.

Kinachoniuma ni kwamba jukumu hilo limebebwa na shirika la kiraia. Hata sheria ya shirikisho ya 2015 dhidi ya ukatili ilianza na nguvu Abuja tu, wanaharakati wakabaki kubisha hodi jimbo kwa jimbo ili ipitishwe. Lawama ya kuchelewa huko naielekeza kwa serikali, si kwa mwanasheria aliyekuwa mlangoni.