Pikapu haiendi, haiuzwi, haiondoki

Mtaani kwetu hapa Malindi kuna jirani mwenye pikapu kuukuu. Bima ilikwisha zamani, matairi hayana upepo, na imeegeshwa nusu uani kwake, nusu kwenye njia yetu sote. Tuktuk haipiti. Mgonjwa akizidiwa usiku, ni kumbeba mpaka barabarani. Ukimuuliza, "Mzee, hii gari vipi?" jibu ni lile lile: "Nangoja spea, mwanangu." Spea gani? Chumvi ya bahari imekula sakafu mpaka mchanga unaonekana, na kuku ametamia kwenye kiti cha dereva. (Huyo angalau anaitumia.)

Kinachoniudhi zaidi ni yale matairi mengine aliyoyarundika nyuma. Masika yakinyesha yanajaa maji, na mbu wenye madoadoa meupe, wale wang'atao mchana, wanazaana humo. Ndio waenezao homa za dengi na chikungunya. Waulizeni watu wa Lamu walioumwa viungo kwa chikungunya mwaka 2004. Mzee wa mtaa alikuja, akanywa kahawa kwa jirani huyo, akatuambia tuvumiliane. Tuvumilie nini tena? Kama pikapu ni kumbukumbu ya ujana wa jirani, aisukume yote ndani ya ua. Njia atuachie.