Solstisi ya wenzetu, mupepo yetu

Tarehe 21 mwezi wa sita yaya wangu, mkubwa wangu wa kuzaliwa anayekaa Brussels, akatupa foto kwenye grupu ya familia: meza inje kwenye bustani, kitambaa cheupe, saladi ya rangi tatu, buji (mishumaa) zinawaka na jua bado liko, saa tatu na nusu ya usiku! Chini akaandika, leo ni solstisi, siku ndefu kuliko zote, na ninyi fanyeni. Na ninyi fanyeni. Yaya, umesahau ulizaliwa Katuba, hapa hapa Lubumbashi?

Huku Lubumbashi siku hiyo ndiyo fupi kuliko zote. Jua limehamia kwenu huko, siye saa kumi na mbili ya mangaribi haijafika limeshazama, halafu inashuka ile mupepo (baridi) ya kiangazi, mpaka mbwa anaomba kuingia ndani. Anayesema Kongo yote ni joto aje alale hapa bila blanketi mbili.

Lakini mudogo wangu akashikilia, lazima na siye tufanye. Tukatosha meza inje kwenye lupango, uani kwetu, mama akatuangalia tu: "Muko na wazimu? Na hii mupepo yote?" Saladi ya mudogo ilikuwa ya kabichi na karoti, na nikubali, ilikuwa tamu. Ila bukari (ugali) haingoji mtu kwenye baridi, dakika tano imeshika ngozi juu, ukikata tonge linapasuka, sombe (kisamvu) nayo mafuta yameganda pembeni ya sahani. Buji ya kwanza ikazimika, ya pili ikazimika. Mtu mmoja akasogeza kiti karibu na mbabula, jiko letu la makala, halafu mwingine, mwishowe wote tuko chini tumezunguka makala (ya moto, si hii unayosoma), sahani kwenye magoti, thomson, samaki yetu, inarudishwa juu ya moto kipande kwa kipande, mama anacheka peke yake.

Sasa kinachoniuma ni hiki. Siye tunakula inje tangu zamani! Mbabula inakaa inje kwa sababu ukiiwasha kwenye nyumba iliyofungwa asubuhi watakuta maiti, na umeme ukikatika, na unakatika, nusu ya mtaa inapika kwenye lupango, unasikia harufu ya samaki ya jirani kabla hujasikia salamu yake. Miaka yote hiyo hakuna aliyesema tunasherehekea kitu, walisema ni umasikini. Lakini weka kitambaa cheupe na buji, basi imekuwa maisha mazuri, watu wanabonyeza mioyo kwenye simu. Haya.

Sawa, nawaelewa kidogo. Mtu ambaye mwezi wa kumi na mbili jua linamkimbia kabla ya saa kumi na moja ya jioni, likirudi acha apige vigelegele. Lakini siku yetu ndefu ni tarehe 21 mwezi huo huo wa kumi na mbili, mwanga wa karibu masaa kumi na tatu, embe zinaanguka zenyewe, uyoga unauzwa barabarani, na hakuna anayetuma foto. Mwaka huu mimi nitatuma, nitakaa chini ya muembe na munkoyo yangu, kinywaji chetu cha mahindi, mvua ikituachia.

Usiku ule nilipiga foto ya meza nikamtumia yaya. Akajibu haraka: "Nzuri! Mbona hakuna mtu kwenye viti?"