Tandika turubai kwanza, spana baadaye

Wapo wanaosema vifaa vya ufundi vipangwe kwenye ubao wa ukutani uliochorwa umbo la kila kifaa, nami siupingi. Ukitupa jicho tu, unajua koleo haijarudi. Mafundi wa ndege nao hupanga vifaa kwa namna hiyo, maana kwao spana iliyosahaulika ndani ya injini inaweza kuua watu. Lakini chombo kibovu hakichagui pa kuzimikia. Trekta likigoma katikati ya malisho, ubao umebaki bandani, na lile kabati la droo lenye vigurudumu vidogo litazama topeni kabla halijafika.

Kwa hiyo mimi natetea turubai. Liwe la rangi nyeupe au ya njano (anayenunua la kijani ili alitandike kwenye majani ana lake jambo). Upande mmoja vifaa, upande wa pili vilivyofunguliwa, na visichanganywe. Sahani ya sumaku inasaidia, ila haishiki alumini wala shaba, kwa hiyo washa za shaba (vile vipete bapa vya chini ya bolti) zitafutie kopo.

Kosa ninaloliona zaidi ni kumwaga boksi zima chini kwa ajili ya bolti nne. Angalia kwanza vichwa vya bolti, kisha toa saizi zinazohitajika tu. Magari mengi ya Kijapani utayamaliza kwa namba 10, 12, 14 na 17.

Matrekta ya zamani ndiyo yenye mtego, kwa kuwa mengi yana bolti za inchi. Nusu inchi ni milimita 12.7. Spana ya 13 inaingia vizuri tu, lakini inacheza, na bolti ikiwa imeshika kutu utakula pembe zake zote. Ya 19 na ya robo tatu inchi hazigombani, tofauti yake haifiki hata sehemu moja ya kumi ya milimita. Hata hivyo, seti hizi mbili zikae mifuko tofauti, tena ya rangi tofauti.

Bolti za vifuniko vya injini nazo hazilingani urefu. Chukua kadibodi, chora umbo la kifuniko, toboa, kisha chomeka kila bolti mahali ilipotoka. Bolti ndefu ikiingia tundu fupi hugota chini kabla ya kubana. Oili itavuja, na ukilazimisha utapasua alumini.

Kabla ya kufunga boneti, hesabu vifaa vyako. Anza na juu ya betri, ndiko watu hupenda kuegesha spana. Ikigusa nguzo zote mbili itatoa cheche, na betri iliyotoka kuchajiwa huwa na gesi ya haidrojeni inayoweza kulipuka.

Na anayekuja kuazima spana kazi ikiwa katikati? Asubiri. Ikishaondoka moja, ile hesabu haina maana tena, na atakayeinama kuitafuta chini ya trekta si yeye.