Kampuni nayo ipige kura? Mimi nakataa

Kuna hoja ukiisikia mara ya kwanza unaona ina akili kabisa, eti biashara inalipa kodi kwa halmashauri, inatumia barabara zilezile, taka zake zinazolewa na magari yaleyale, kwa hiyo nayo iwe na kura kwenye uchaguzi wa madiwani. Mwenye biashara ana la kusema, hilo sibishi. Ila yule ni mtu, na kwake anakoishi tayari ana kura. Sasa hii ya pili anapewa nani?

Na msidhani ni mambo ya kufikirika. Sydney, kule Australia, sheria ya 2014 ilizipa biashara kura 2 kwenye uchaguzi wa baraza la jiji huku mkazi ana yake 1 tu, ikaja kufutwa 2023.

London ndo kali zaidi. Uingereza ilifuta kura za biashara 1969 lakini kile kieneo cha City, kwenye mabenki, kikabaki nazo, halafu sheria ya 2002 ikazipanua. Wanajitetea kwamba wakazi ni wachache sana na wanaoingia kufanya kazi ni mamia ya maelfu, sawa, hapo kidogo nawaelewa. Lakini cheki utaratibu wenyewe: kampuni ya wafanyakazi wasiozidi 9 inateua mpiga kura 1, yenye 50 inateua 10, kisha kila 50 wanaozidi wanaongeza 1. Inateua! Yaani kura ni siri, hakuna wa kukuchungulia, ila nani aingie kwenye daftari anaamua bosi.

Halafu kuna Newark, jimbo la Delaware, Marekani. 2018 kwenye kura ya maoni ya mji, mtu mmoja anayesimamia vikampuni kibao vyenye majengo alipiga kura 31. Peke yake. Na sheria ilimruhusu.

Anayenipa shida ni mfanyabiashara mdogo anayeishi halmashauri nyingine, ushuru unapangwa huku kura yake iko kule. Huyo namwonea huruma kweli, na madiwani walazimishwe kukaa na watu kama yeye kabla bajeti haijapita. Ila mlango wa kura ukimfungulia haingii peke yake, nyuma yake amesimama mwenye majengo 40, na kila jengo kalisajilia kampuni yake.