Ningeanza kusahihisha kutoka ghalani

Kwenye kahawa ya jioni, jirani na Soko la Majengo hapa Dodoma, kuna mzee mmoja mstaafu wa jeshi ambaye ni nadra kupingwa. Juzi aliniuliza, "Wewe unayeandika-andika, ukipewa mkakati wa usalama wa taifa uusahihishe kama mtihani, utaanzia wapi?" Kabla sijajibu, wengine walishataja mipaka, makomando, Msumbiji. Mimi nikasema ningeanzia kwenye gunia la uwele. Wakacheka sana. Mmoja akanishauri nirudi kwetu Mpwapwa nikapalilie.

Sikuwa natania.

Vita Kuu ya Kwanza ilipopita Ugogo, Wajerumani walichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Waingereza waliiteka Dodoma mwaka 1916, nao wakaendelea kuchukua. Kisha mvua ikakata. Ukame wenyewe wazee wetu walikuwa wameuzoea. Ukame uliokuta ghala limekombwa na vijana hawapo, huo uliwashinda. Njaa ile inaitwa Mtunya, na inakadiriwa iliua watu 30,000 katika nchi ya Wagogo, kama mmoja katika kila watano.

Bibi yangu hakuiona, alisimuliwa na mama yake. Lakini mpaka anafariki alikuwa na madebe mawili ya uwele chini ya kitanda. Kila kiangazi aliyatoa, akaanika kwenye mkeka, akapepeta, akayarudisha. Ole wako uyaguse kwa ajili ya pombe! Tulimwona mchoyo.

Sasa njoo mwaka 1978. Idi Amin alivamia Kagera, jeshi letu likamtoa, likamfuata mpaka kwake. Hapo nampa msahihishwaji alama zote. Mwalimu akatuomba tufunge mikanda miezi 18. Miezi 18 ikazaa miaka, na mzee wangu wa kahawani anaikumbuka vizuri kuliko mimi: foleni ya sukari, foleni ya sabuni, halafu msako wa wahujumu uchumi mwaka 1983. Sisemi tusingepigana. Nasema bili ilipelekwa jikoni, na jiko halikuwa kwenye ramani ya vita.

Ndiyo maana Sheria ya Baraza la Usalama la Taifa ya mwaka 2010 naisoma kwa jicho hilo. Muundo wake si mbaya: kuna Baraza juu, kuna kamati za mikoa na wilaya chini ya wakuu wake. Mengi yanayozungumzwa humo ni siri, na mengine yanastahili kuwa siri. Ila tazama picha za kamati hizo zikiwa ziarani. Sare, sare, sare, mkuu wa wilaya katikati na miwani yake. Bwana shamba sijabahatika kumwona. Mtu wa maji naye huonekana pale tu kisima kinapozinduliwa.

Na maji hapa ni jambo la usalama kama kuna jambo lingine lolote. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika Jiji la Dodoma. Ya 2022 ikahesabu 765,179. Wizara ziko Mtumba, Ikulu iko Chamwino, na sisi sote tuko kwenye nchi kame ambayo kwa sehemu kubwa inategemea visima vya Mzakwe. Mtaani kwetu watu wanazijua siku za maji kama muumini anavyozijua siku za ibada. Ukikosa siku yako, unanunua dumu. Ningependa kumwuliza mwandishi wa mkakati: Mzakwe ikiyumba wiki mbili, makao makuu ya nchi yanakunywa nini?

Swali langu lingine liko njiani. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliikata reli kati ya Kilosa na Gulwe, na treni zikasimama kwa miezi. Tangu 2024 tuna treni ya SGR, ile reli mpya ya kisasa, napanda na kuisifu, lakini inatoka Dar es Salaam kupitia milima ile ile.

Kizota, kwenye maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, malori huwa yamepanga foleni yakisubiri mizani. Ukiniuliza mimi, hicho ni kikosi. Kinastahili kukaguliwa kwa ukali ule ule unaotumika kambini: kilichoandikwa kwenye daftari kipo kweli, na kinaliwa?

Mzee alinisikiliza mpaka kahawa ikapoa. Akasema, "Njaa ina wizara yake, kijana. Usichanganye mambo." Nikamjibu kwamba hata mwaka 1916 aliyechukua ng'ombe hakuwa ofisa wa njaa. Hakujibu. Akavaa kofia yake, akauliza mahindi Kibaigwa yamefika bei gani, kisha akaaga: anapita sokoni kuchukua gunia mbili kabla hayajapanda tena.